Wenyeji wa Guangzhou mnaopokea wafanyabiashara kutoka Mbeya, acheni kuuza ugeni wetu

Wakuu, heshima zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, lakini nitajitahidi kueleza mambo kwa utulivu ili mama au kijana anayejiandaa kwa safari ya kwanza ya China asome na aelewe kilichonipata.

Mimi ninauza mabegi ya shule na nguo za watoto hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kwa miaka kumi na moja nilichukua mzigo Kariakoo, na mwaka jana, baada ya kuweka akiba kidogo kidogo, niliamua kwenda Guangzhou mwenyewe ili niwahi msimu wa kufungua shule wa Januari. Nilielekezwa kwa mwenyeji anayeishi kule, Mtanzania mwenzetu, tena mtu wa huku huku nyanda za juu, ambaye kwenye simu alinisalimu kwa Kinyakyusa na kuniita dada hadi nikamwona kama mdogo wangu wa damu. Nilimlipa dola 350 kabla sijapanda ndege, kwa makubaliano kwamba atanipokea, atanipa malazi ya siku kumi na mbili na kunitembeza masokoni.

Lalamiko langu ni hili: kila jambo ambalo lingeniwezesha kutembea peke yangu katika mji ule, mwenyeji huyu alinificha, kwa sababu anaishi kwa kutojua kwetu. Na si yeye peke yake. Niliowaona wakifanya kazi hiyo pale Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hufikia, wengi wao huendesha mambo kwa namna hiyo hiyo.

Alinishauri nifike katikati ya Oktoba, akisema ndio wakati mzuri. Sikujua kwamba ndio wakati wa Maonesho ya Canton, maonesho makubwa ya biashara ya mji ule, ambayo tangu mwaka 1957 hufanyika Aprili na Oktoba na huujaza mji wanunuzi wa dunia nzima, kiasi kwamba bei za hoteli hupanda sana. Mimi sikuwa na shughuli yoyote kwenye maonesho, kwa kuwa kule watu huagiza viwandani kwa wingi ambao mtaji wangu hauufikii. Nilichovuna kwa kufika wakati ule ni kukosa hoteli ninayoimudu na kulala kwenye fleti yake, wanawake wanane katika vyumba viwili, kila mmoja akiwa amemlipa.

Humo ndani alituonya tusimfungulie mtu mlango na tusitoke usiku, eti askari wa China ni wakali. Sheria ya nchi ile inasema mgeni asiyelala hotelini lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike, na kwamba asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini inayofika yuan 2,000. Kujiandikisha hakulipiwi. Yeye hakutuandikisha kwa sababu fleti ile haikuwa imepangishwa kwa ajili ya kulaza wageni, na badala ya kutueleza ukweli akatujaza woga. Siku ya nne nilisimamishwa barabarani, pasipoti yangu ikakaguliwa, nikakaa kituoni saa tano nikiwa sielewi neno hata moja, kisha nikaonywa na kuandikiwa faini ya yuan 500. Askari hawakunitukana wala kunigusa. Mwenyeji wangu nilipompigia hakupokea.

Jambo lililoniumiza kuliko faini ni la simu. WhatsApp haifanyi kazi kwenye mtandao wa China, na nilipotua nilikuta kimya kabisa. Nilimwacha mwanangu wa miaka sita kwa mama yangu Uyole, akiwa na homa iliyoanza jioni ya kuamkia safari. Nilimuuliza mwenyeji nifanyeje, akaniambia huku ndivyo kulivyo, nisubiri laini atakayoninunulia, na laini yenyewe aliileta siku ya tatu kwa bei aliyoipanga yeye, nayo bado haikufungua WhatsApp. Kwa siku tatu sikujua kama mtoto ameamka au amezidiwa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba laini yangu ya Tanzania, ambayo ilikuwa ndani ya pochi muda wote, ingefungua mazungumzo yote kama ningeiunganisha na huduma ya kutumika nje ya nchi kabla ya kuondoka. Sentensi moja tu! Angeniambia nikiwa bado Mbeya, mama yangu asingelia peke yake Uyole na mimi nisingelia peke yangu kwenye fleti ya watu.

Aliyenifungua macho ni mwanamke wa Nakonde, Zambia, ng'ambo tu ya Tunduma, aliyekuja kununua viatu. Tulikutana kwenye lifti ya jengo la mabegi kule Sanyuanli, akanisikia nikiongea Kiswahili, akaniuliza begi nililoshika nimelipia kiasi gani. Nilikuwa nimeagiza mabegi 600 kwa yuan 38 kila moja, bei ambayo mwenyeji wangu aliitaja mwenyewe baada ya kuongea Kichina na muuzaji huku mimi nimesimama pembeni. Yule mama alikuwa amechukua begi hilo hilo, duka hilo hilo, kwa yuan 29. Tofauti ni yuan 9 kwa begi, yaani yuan 5,400 kwa mzigo wote, ambazo kwa fedha yetu zinakaribia milioni mbili. Kumbe cha juu chake alikuwa amekipanga na muuzaji tangu mwanzo, juu ya dola 350 nilizomlipa ili asimame upande wangu.

Kwa siku mbili mama yule alinionyesha mji ambao sikuwahi kuuona. Alinipandisha treni ya chini ya ardhi, ambayo nauli yake huanzia yuan 2, wakati mwenyeji alikuwa akinitoza yuan 60 kila tukitoka. Alinisaidia kuunganisha kadi yangu ya benki na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, kwa kuwa kule hata muuza viazi vya kuchoma hulipwa kwa kuskani simu, na kadi za kigeni nazo hukubaliwa. Alinifundisha kumwandikia muuzaji bei kwenye kikokotoo na kutumia programu ya kutafsiri. Alinieleza pia kwamba soko la nguo la Shahe huamka usiku wa manane na kwamba kufikia mchana wauzaji wa jumla wanafunga; mimi nilikuwa nimepelekwa huko saa saba mchana, nikaambiwa soko limedorora mwaka huu.

Baba yangu alitandika reli ya TAZARA miaka ya 1970, na alitusimulia mara nyingi kwamba fundi wa Kichina asiyejua neno la Kiswahili alimfundisha kazi kwa ishara za mikono mpaka akaiweza. Mimi na mwenyeji wangu tulikuwa na lugha mbili za kuelewana, Kiswahili na Kinyakyusa, na hakunifundisha hata namna ya kununua maji ya kunywa. Huku kwetu mgeni hukaa siku mbili na ya tatu hupewa jembe. Mimi nililikuta jembe limefichwa.

Guangzhou yenyewe siilalamikii. Ni mji wa watu zaidi ya milioni 18 kwa sensa ya mwaka 2020, una joto la unyevu linalomchosha mtu wa Mbeya, lakini treni zinafika kwa wakati na nilitembea saa nne usiku na pochi yangu bila hofu.

Kwa hiyo ninaomba wote mliokwisha kwenda mweke hapa chini majina ya vituo vya treni, mitaa ya masoko na bei halisi mlizonunulia, kwa bidhaa na kwa mwezi, hata kama mnaona mnawafundisha washindani wenu. Na wewe mwenyeji wangu, najua unasoma hapa kwa sababu ndiko unakotafutia wateja. Ninataka yuan 5,400 zangu. Sijabadilisha namba ya simu, na duka langu Mwanjelwa unalifahamu, maana ulinitumia picha yake ukiniambia nina bahati, soko langu ni kubwa.