Dukani wameniuzia bodi ya kujifunzia ndani ya boksi la plastiki, wateja wakanidai mimi!

Wandugu mafundi wa Lubumbashi, leo nina hasira na sitazunguka.

Mwezi uliopita nilinunua vilinda-friza tisa katika duka moja hapa mjini, dola 35 kila kimoja. Vya kukata umeme unapopanda na kukupa habari kwenye simu kwa Wi-Fi. Vitano nikavifunga kwa wateja.

Cha tano kilikwenda Katuba, kwa mama mmoja anayeuza samaki wa barafu. Kesho yake akaniita: redio yake haishiki tena. Nikachomoa kifaa, redio ikaongea. Nikachomeka, ikaanza kunguruma. Mama akanitazama tu.

Nikakifungua palepale. Ndani ni bodi ya ESP32, kompyuta ndogo ya Wi-Fi, ileile tunayojifunzia, pini zote zimesimama, tundu la USB lipo, imebandikwa kwa gundi ya moto. Waya wa volti 220 unaotoka kwenye relee, ile swichi ya kukata umeme, umelala juu ya pini za volti 3.3, na kati yao hakuna hata kipande cha plastiki. Na boksi hilo mama analigusa kila asubuhi, vidole vikidondosha maji ya barafu!

Nikarudi dukani. Muuzaji akajibu: "Papa, angalia mwenyewe, iko na CE!" Kidole chake kiko kwenye kifuniko cha bati cha moduli, kile kipande cha Wi-Fi juu ya bodi, penye alama hiyo ya Ulaya na namba ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani: FCC ID: 2AC7Z-ESPWROOM32.

Jamani, alama hizo ni za moduli ile ya mawimbi ya Wi-Fi peke yake, ilivyopimwa na antena yake. Adapta, relee, nyaya na boksi hazimo. Marekani kwenyewe, ukiitia moduli hiyo katika bidhaa unabandika lebo nje kusema imo ndani, na saketi zako nyingine bado zinabanwa na Sehemu ya 15 ya kanuni za FCC kwa mawimbi zinayovujisha. Ulaya, CE ni tamko la mtengenezaji juu ya kifaa kizima, na mafaili ya vipimo anayatunza yeye. Sheria yao ya vifaa vya mawimbi ya redio, 2014/53/EU, inaziacha nje bodi za majaribio zilizotengenezwa maalum kwa wataalamu, zitumike maabara tu. Jikoni kwa mama si maabara. Na hapa Congo kuna homologasyo, yaani kibali, ya ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano, kwa vifaa vya mawasiliano. Nikaomba karatasi yake. Muuzaji akaniuliza, karatasi gani?

Mimi pia naanzia kwenye bodi hizo nikijaribu kitu. Lakini kabla ya kuuza unachora bodi yako, unatenga 220 mbali, unaweka fyuzi na kichujio, unapima. Kazi hiyo ina gharama, na aliyetengeneza boksi hili ameiruka akambebesha mama wa watu.

Vyote vitano nimevitoa, pesa nimerudisha kutoka mfukoni mwangu. Duka linakataa kunirudishia.

Kama unacho: boksi jeupe, taa ya buluu, skrubu nne nyuma. Chomoa kwanza ukutani, ndipo ufungue, piga picha upande wa relee uiweke hapa. Jumamosi narudi pale nikiwa nazo.