Tupeane uzoefu: Kwenda Matema peke yako

Mdau wa Uyole
Habari za humu, wakuu. Baridi ya Juni ikishaanza kubana huku Mbeya watu wanawaza joto la Ziwa Nyasa, na maswali ya Matema, kijiji cha ufukweni mwa ziwa hilo wilayani Kyela, yanarudi yale yale: gari napandia wapi, pa kulala kukoje, ziwani naingia au naishia kutazama, na aliye peke yake ajipange vipi. Tupeane uzoefu. Anayejua aandike kwa kirefu, asiishie "panda gari ushuke Matema".

Naanza na njia. Gari za Kyela ziko stendi ya Nane Nane. Wahi asubuhi, maana Coaster haiondoki mpaka ijae, halafu inashusha na kupakia Kiwira, Tukuyu na Ushirika. Mwambie konda mapema kwamba unashuka Kikusya. Hapo ndipo inapochepuka njia ya Ipinda na Matema, na sasa ni lami. Koti livae, ila ndani uwe na nguo nyepesi: Isongole unaweza kukuta ukungu na baridi ya kutetemesha, ukifika chini jasho linakutoka umekaa. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa halifiki mita 500.

Mnyasa wa Itungi
Kikusya siyo, mkuu. Mgeni akishushwa pale na begi lake anakutana na gari zilizokwishajaa, anaishia kwenye bodaboda kwa bei ya mgeni. Aende mpaka Kyela mjini. Anapata siti, anatoa hela kwenye ATM, ananunua maji, ndipo apande ya Matema. Kule kijijini unategemea wakala wa simu, na wakala huishiwa floti.

Mdau wa Uyole
Kyela ni kuzunguka bure. Anayefika Kikusya kabla ya saa sita hakosi gari.

Mnyasa wa Itungi
Hakosi gari, anakosa siti.

Dada wa Forest
Kwa dada zangu mnaokwenda wenyewe: usilipie chumba kabla hujakiingia. Funga mlango kwa ndani. Kitasa peke yake hakitoshi, tafuta komeo, ulisukume uone kama linaingia mpaka mwisho. Milango ya mbao kando ya ziwa huvimba kwa unyevu, komeo likawa halifiki kwenye tundu lake. Neti itandaze yote, uiangalie kwenye mwanga wa dirisha. Matundu huwa pembeni inapofungwa kamba na chini inapochomekwa godoroni, kwa hiyo beba sindano na uzi. Huko chini mbu siyo wa mchezo, na ukirudi Mbeya ukapata homa ndani ya wiki mbili tatu, mwambie daktari ulikotoka, akupime malaria siku hiyo hiyo.

Chumba cha karibu na mapokezi ni bora kuliko cha uani, hata kama hakitazami ziwa. Kitabu cha wageni kijaze kama kitambulisho kinavyosema, ila usitangaze pale kwamba uko peke yako. Sema mwenzio anafika kesho.

Mwanjelwa Sokoni
La komeo ni kweli kabisa.

Mama Vyungu Tukuyu
Dada yangu, la mwisho mimi nashauri kinyume. Mwambie mama mwenye gesti ukweli kuwa uko mwenyewe. Matema ni kijiji. Ukijulikana kwa mama mmoja umejulikana kote, na ukichelewa kurudi kutoka ufukweni kuna mtu atauliza uko wapi. Uongo wa "mwenzangu yuaja" wanaugundua kesho yake tu. Na usipite watu bila salamu. Ukisema "ugonile" kwa mzee wa Kinyakyusa umeshapata mwenyeji.

Kijana wa Ruanda
Niongezee la kuogelea. Maji ya Matema ni angavu, ni mchanga mtupu, yana mawimbi. Kichocho kiko kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga. Ogeleeni msiogope.

Maabara Rungwe
Hapana, mdogo wangu, hilo usilisambaze. Ni kweli konokono wengi wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Lakini Cape Maclear, upande wa Malawi wa ziwa hili hili, imethibitika kuwa yuko konokono wa kwenye mchanga wa wazi anayekibeba, na ameongezeka kwa sababu samaki wanaomla wamevuliwa sana. Mchanga mweupe siyo cheti. Dakika chache majini zinatosha kupata vimelea, na kujifuta taulo haraka kunasaidia kidogo tu.

Ukishaogelea, usikimbilie dawa siku unayorudi. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponea. Subiri wiki sita hadi nane tangu ulipotoka majini, nenda kapime. Mkojo wa kupima uchukue kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, yale matone ya mwisho, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Dozi huenda kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo. Kidonge ni miligramu 600, mtu wa kilo 60 anameza vinne, baada ya kula.

Na midomo ya mito, Lufilyo hasa, usiingie kabisa. Kuna mamba.

Kijana wa Ruanda
Wenyeji wanaoga kila siku.

Maabara Rungwe
Na wenyeji wanaumwa kichocho.

Baharia wa Nyasa
Mmeng'ang'ana na konokono, na miezi hii kinachoua ni upepo. Kuanzia Mei mpaka Agosti hivi unavuma mwera, upepo mkali wa kusini.

Inavyokuwa ni hivi. Unatoka Matema asubuhi, ziwa tulivu, mtumbwi unafuata ukingo wa milima ya Livingstone mpaka Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi. Unawatazama kina mama wa Kikisi wakifinyanga, unakula, unapiga picha, saa sita inapita. Kusini, pale maji yanapokutana na anga, rangi inakolea, kisha yanatokea meupe meupe. Kutoka hapo muda wako ni mfupi. Ziwa limelala kaskazini-kusini kwa zaidi ya kilomita 550, lina milima huku na huku, na upepo wa kusini unalisukuma wimbi urefu wote huo. Matema iko mwisho kabisa. Kila kilichokusanywa njiani kinakuja kumwagika kwetu.

Upande wa Livingstone mlima unaingia majini wima. Sehemu kubwa hakuna mchanga wa kukimbilia, ni mwamba, na wimbi likigonga mwamba linarudi kukutana na linalokuja. Mtumbwi unapigwa pande mbili. Maji yanaingia ubavuni, mwenye kasia anapaza sauti watu wakae chini, mgeni kwa hofu anasimama kushika ukingo. Hapo ndipo unapopinduka. Wimbi mtumbwi ungelistahimili, ni uzito uliohamia juu.

Kwa hiyo: ondoka alfajiri, saa nne uwe umerudi nchi kavu. Kabla ya kupanda tazama wavuvi. Wakiwa wanapandisha mitumbwi juu ya mchanga, wewe unakwenda wapi? Jaketi okozi livae na ulifunge kabla ya kusukuma, siyo kulikalia. Uwepo mkebe wa kukumbia maji. Wimbi likija, kaa sakafuni, mwache nahodha alikabili kwa mshazari, asilipe ubavu.

Mwanjelwa Sokoni
Mungu atunusuru. Na ukishapinduka?

Baharia wa Nyasa
Shika mtumbwi, usiuache kuogelea kwenda nchi kavu. Ni mti, hata ukijaa maji unaelea, na ni rahisi kuonekana kuliko kichwa cha mtu.

Kijana wa Ruanda
Mnatisha watu, kaka. Mwera ndio utamu wa Matema, mawimbi ya kurukia kama ya baharini.

Baharia wa Nyasa
Ya ufukweni nayo yana adabu zake, mdogo wangu. Usivuke kiuno, maana mchanga unaporomoka ghafla kuingia kilindini. Maji yanayorudi yakikuvuta, usishindane nayo; ogelea kufuata ukingo mpaka yakuachie, ndipo ugeukie nchi kavu. Na aliye peke yake asiingie bila kumwambia mtu aliye mchangani.

Dada wa Forest
Hili la upepo liwekwe juu kabisa ya mada.

Mama Vyungu Tukuyu
Soko la vyungu ni Jumamosi, Lyulilo, kwa mguu tu kutoka Matema. Chungu kining'inize kwenye vidole, ukigonge kwa kucha: kizima kinalia, chenye ufa kinajibu kwa sauti iliyokufa. Kifungashe kwa majani makavu ya mgomba ndani na nje, ukipakate, buti la Coaster hapana. Nyumbani kiloweke usiku kucha, upishi wa kwanza uwe wa uji mwepesi ili vitundu vizibe.

Mdau wa Uyole
Na mbasa, samaki wa ziwa hili, agizeni asubuhi mapema, wali wa Kyela upikwe kwa wakati. Baharia, mgeni anajuaje kama boti ina majaketi?

Baharia wa Nyasa
Apige simu gesti kabla hajatoka Mbeya, aulize yako mangapi na kama yana kamba zote. Wakianza kumzungusha, Ikombe aende kwa mguu. Njia ipo, ina mawe, avae viatu vya kufunga.