Naomba ushauri: Lefebvre, Lefèvre na Lefebure, niyatenganishe au niyaunganishe?

Wakuu, habari zenu. Nafuatilia ukoo wa Lefebvre kaskazini mwa Ufaransa, na tahajia ndiyo inayonikwamisha. Asili ya jina iko wazi: fevre, kwa Kifaransa cha kale, ni mhunzi, kutoka Kilatini faber. Ile b haitamkwi. Makarani waliichomeka kukumbusha Kilatini. Tena zamani u na v hazikutofautishwa katika maandishi, ndipo wengine wakasoma Lefebure na matamshi yakafuata. Basi mtu yuleyule anaweza kubatizwa Lefebvre, akaoa Lefèvre, akazikwa Lefebure.

Kabla ya 1792 nategemea vitabu vya parokia, baadaye rejesta za manispaa. Nikitafuta tahajia moja nawapoteza watu. Nikitafuta zote, mikoa ya kaskazini ya Nord na Pas-de-Calais inanifurikia wahunzi wasio na undugu, maana karibu kila kijiji kilikuwa na wake. (Kusini jina hilo la mhunzi ni Fabre au Faure, na Bretagne, magharibi, ni Le Goff.)

Nianze kulinganisha nini: saini, wadhamini wa ubatizo, au mama, ambaye huandikwa kwa jina la kwao? Mimi naegemea mama. Na baba asiyejua kuandika, aliyeweka alama ya msalaba tu, mnamthibitishaje?