Farasi jike aliyetoka mbio hataki mkono upite shavuni: nianzie wapi?

Saisi_wa_Karen

Wakubwa kwa wadogo, hamjambo. Naomba msaada, hasa kwa masaisi, watunza farasi wenzangu, waliokaa na farasi wa mbio.

Nafanya kazi kwenye shule ya kupanda farasi huku Karen, mwaka wa pili sasa. Mwezi wa tatu tuliletewa jike wa miaka 7 aliyestaafu mbio pale Ngong. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, kwa hiyo tunamwita Zabibu. Anakula vizuri, kwato anatoa zote nne bila ubishi, lori likipita hashtuki. Shida ni kichwa. Mkono ukivuka shavu kuelekea masikioni anakirusha juu mpaka miguu ya mbele inanyanyuka. Wiki jana alinigonga taya, nikala uji siku tatu. Kumvisha hatamu, ile mikanda ya kichwani, ni kazi ya watu wawili, dakika 40, na tukimaliza tunatetemeka sote, yeye na sisi.

Mwenzangu anasema tumkaze pua kwa ile fimbo yenye kitanzi, atatulia. Sitaki. Nilimwona akikazwa mara moja. Alisimama kimya, lakini macho yake hayakuwa yakitazama kitu, na kesho yake alikuwa mbaya zaidi.

Nimekuwa nikitazama video za wale Wamarekani wanaomfundisha farasi kutoka chini, kabla ya kumpanda, kwa upole. Wengi wanatumia uwanja wa duara. Basi tukapanga mapipa na fito, duara la hatua kama 20 kutoka upande hadi upande. Jumamosi nikamwachia humo bila kamba. Alikimbia dakika 20, jasho likamtoka, halafu akasimama, akanigeukia, akawa ananifuata kila niendako. Machozi yalinilengalenga. Jumapili asubuhi nikaingia bandani na hatamu: kichwa juu, yaleyale.

Mwenye shule anataka Zabibu abebe watoto likizo ya Agosti. Asipokuwa tayari atauzwa, na farasi mwenye tabia hii akianza kuuzwa huuzwa tena na tena. Nimekosea wapi?

Mti_Mkavu

Ndugu, farasi wa mbio akishaharibika ameharibika. Ukimbembeleza anakupanda kichwani. Kaza pua, mvishe, twende kazi. Miaka yote tumefanya hivyo na kazi imekwenda.

Mzee_wa_Gilgil

Kijana, pole kwa taya. Umeandika vizuri, umesema kila nilichotaka kuuliza isipokuwa kimoja: nani amemtazama ndani ya masikio? Si kutazama kwa nje. Huku kwetu kuna kupe wadogo wanaoingia ndani kabisa ya sikio, wanakaa humo wiki kwa wiki, na farasi anakuwa kama mtu mwenye jipu sikioni anayelazimishwa kuvaa kofia ya kubana. Hutawaona kwa kuchungulia ukiwa mlangoni. Tena meno. Taya la juu la farasi ni pana kuliko la chini, na meno yake yanaendelea kujitokeza miaka mingi, kwa hiyo kingo za nje zisizosagika huwa kali kama kigae. Ukiweka lijamu, kile chuma cha mdomoni, na mikanda ya mashavuni, nyama ya shavu inabanwa kwenye hiyo kingo. Mwambie mwenye shule aite daktari atazame vyote viwili, kwa dawa ya kumtuliza kama itabidi. Kama kuna maumivu, hayo mengine nitakayokuambia ni kumtesa tu kwa upole.

Sasa masikio. Nilianza usaisi mwaka 1986 kwenye mazizi ya mbio, nikiwa na miaka 17. Farasi akikataa hatamu, au akikataa sindano, tuliofundishwa kumshika tulimshika sikio tukalisokota. Sikusikia tu, nilifanya. Nilikuwa na mkono wenye nguvu kwa hiyo niliitwa mimi. Farasi anasimama, kazi inaisha haraka, tunakwenda kunywa chai. Hakuna aliyetuambia kwamba farasi hasahau. Mti_Mkavu, ndugu yangu, ni kweli kazi ilikwenda, nilikuwapo. Lakini asubuhi iliyofuata farasi huyohuyo alihitaji watu wawili, mwezi uliofuata watatu, halafu mtu anasema ameharibika. Nikisoma habari za Zabibu naujua mkono anaouogopa, kwa sababu nilikuwa nao. Ndiyo maana nimekaa hapa usiku huu kukuandikia kirefu.

Kuhusu duara. Hukukosea, ila ulisoma jibu la swali lingine. Farasi wa mbio ukimwachia mahali pa wazi na wewe umesimama umemkabili, anakimbia, ndicho alichofundishwa tangu ana miaka 2. Alipochoka akaona kwamba karibu nawe ndipo pekee pasipo na msukumo, akaja. Hilo si dogo, lakini amejifunza habari za miguu yake na wewe. Sikio halikuwamo katika mazungumzo yale. Na dakika 20 za mbio kwa farasi mwenye hofu ni nyingi. Nikiingia duarani mimi humwacha atembee tu, na kila akinigeuzia sikio au jicho, mimi natazama chini na kurudi hatua moja nyuma. Hakuna haja ya jasho.

Yale uliyoyaona kwenye video yana wazee wake. Walikuwa wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani, akina Tom Dorrance na Ray Hunt. Mimi niliyapata huku Gilgil mwaka 2003 kwa mama mmoja mwenye farasi wa polo, ambaye alikuwa amekwenda kujifunza huko. Alinishika kifundo cha mkono akaniambia: farasi hajifunzi wakati unavuta, anajifunza wakati unaachia. Nilikuwa saisi wa miaka 17 kazini na sikuwa nimewahi kuachia kamba kwa makusudi.

Kazi yako ni hii. Usianze kichwani. Simama ubavuni, begani, si mbele. Farasi ana macho pembeni, anaona karibu pande zote, lakini mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia haoni. Mkono unaotoka mbele kwenda usoni unampotea katikati ya safari, halafu unamgusa. Wewe ungerusha kichwa pia. Basi anza pale shingo inapoishia juu ya mabega, mkune kwa kucha kama farasi wenzake wanavyomkuna kwa meno. Watafiti Ufaransa walipima mwaka 1993 wakakuta farasi akikunwa hapo mapigo ya moyo yanapungua. Huhitaji kipimo: tazama mdomo wa juu ukianza kurefuka na kupinda, umefika penyewe.

Kutoka hapo panda na shingo, kiganja kizima, si ncha za vidole. Mahali fulani utaona shingo inakuwa ngumu, au pumzi inakatika, au jicho linapanuka. Huo ni mpaka wake. Ondoa mkono kabla hujafika hapo, upana wa kiganja kimoja kabla, rudi begani, mkune, tulia mpaka ashushe pumzi. Kisha tena. Ukizidisha kwa bahati mbaya akarusha kichwa, usichomoe mkono saa hiyohiyo, uache umfuate mwepesi kama jani mpaka kichwa kitulie hata kwa nusu sekunde, ndipo uondoe. Ukiuchomoa wakati anarusha, umemwambia kurusha ndiko kunakoondoa mkono. Pengine hilo ndilo alilofundishwa miezi yote hii bila mtu kukusudia.

Pande zote mbili. Farasi wa mbio anashughulikiwa kushoto maisha yake yote, ukihamia kulia ni kama umeanza na farasi mwingine. Usishangae, na usikasirike.

Kitu kingine cha chini ambacho kitakusaidia sana ni kumfundisha kushusha kichwa. Shika kamba chini ya kidevu kwa vidole viwili, uzito wa kuokota chapati, usivute zaidi ya hapo. Subiri. Inaweza kuwa dakika nzima. Akishusha hata upana wa kidole, achia kamba yote. Farasi wangu wa kwanza wa njia hii alichukua siku 4 kufikia usawa wa kifua changu. Mwendeshe pia kwa kamba ndefu ya mita tatu na nusu hivi, ilegee, na mfundishe kusogeza makalio kwa kidole kimoja ubavuni. Ukiweza kuisogeza miguu yake taratibu na yeye akijua utaachia, kichwa kinakuwa jambo jepesi.

Dakika 10 asubuhi, dakika 10 jioni, akiwa ameshakula. Ondoka yeye akiwa bado anataka ubaki.

Na hatamu, kwa sasa usimpitishie masikioni. Fungua mkanda wa shavu la kushoto, tandaza mkanda wa juu shingoni nyuma ya masikio kama unavyotandaza shuka, mpe lijamu, kisha funga mkanda. Ukanda wa kipajini utoe kabisa kwanza. Utakuwa umemvisha bila kugusa sikio hata moja, na kazi iendelee wakati anajifunza.

Watoto Agosti, hapana. Mwambie mwenye shule hivyo kwa heshima lakini waziwazi. Mtoto mfupi ananyoosha mkono ghafla kwenda usoni, kosa si lake wala la farasi, ila atakayeumia ni mtoto.

Binti_wa_Langoni

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara mbili.

Mimi niko Lamu, farasi sina, nimekulia kwa punda. Baba alibeba mchanga na mawe ya kujengea kwa punda, na mitaa yetu ni vichochoro, punda akikataa njia imefungwa kwa watu wote. Punda tofauti yake na farasi ni kwamba akiogopa hakimbii, anaganda. Watu wanaona ukaidi, wanachapa. Tulikuwa naye mmoja, Shani, aliyekuwa akiganda kila akiona gunia likiinuliwa. Kwenye ile kliniki ya punda hapa mjini walimkuta na kidonda chini ya manyoya, pale tulipokuwa tukifunga mzigo. Kilikuwa kidogo kuliko sarafu. Baba alikaa kimya siku nzima. Kwa hiyo kaka wa Karen, hilo la daktari usiliweke kesho.

Langu la kuongeza ni dogo. Shani alipopona bado aliogopa gunia. Tulimfunga karibu na punda mzee asiyejali kitu, tukawa tunampakia yule mzee na kumpakua mbele yake, kila siku, yeye tusimguse. Wiki ya pili akaanza kunusa gunia mwenyewe. Kama mna farasi mtulivu anayependa kusuguliwa masikio, Zabibu amwone akisuguliwa. Na mimi huimba kwa sauti ya chini ninapomkaribia punda, wimbo uleule. Anajua nilipo hata asiponiona.

Saisi_wa_Karen

Mzee, Dada, sijui niseme nini. Nimeandika yote kwenye daftari. Daktari anakuja Alhamisi, nimekubali nusu ya gharama ikatwe kwenye mshahara wangu. Swali moja: yule mwenzangu akiingia asubuhi mimi sipo, anatumia njia yake. Je, kazi yangu haitaharibika?

Mzee_wa_Gilgil

Itarudi nyuma, ndiyo. Farasi anawajua watu mmoja mmoja, kwa hiyo wewe atakuamini hata kama mwenzako hamwamini, lakini kichwa ni kilekile. Usigombane na mwenzako. Mwombe jambo moja tu: asimvishe hatamu kabla hujafika. Mwambie utamfanyia kazi ya kutoa samadi. Mimi nilinunua utulivu wa farasi wengi kwa koleo.

Mti_Mkavu

Mzee, hiyo ya kufungua mkanda wa shavu sikuwahi kuifikiria. Kesho nitaijaribu kwa mmoja wangu.

Saisi_wa_Karen

Wakubwa, narudi baada ya wiki 5.

Kupe walikuwamo. Sikio la kulia daktari alitoa 9, la kushoto zaidi, na ndani kumechubuka. Meno yamesawazishwa pande zote mbili. Tuliweka dawa masikioni siku 10, na siku hizo sikugusa chochote juu ya shingo.

Halafu nikaanza begani. Mpaka wake siku ya kwanza ulikuwa katikati ya shingo, mbali kuliko nilivyodhani, maana nilikuwa naupita kila siku bila kujua. Siku ya 12 nikafika nyuma ya shavu. Kushusha kichwa alikuelewa haraka, nikigusa kamba tu anashuka. Wimbo nimechagua ule wa mama yangu wa kupepeta mahindi. Samadi natoa mimi, banda zote 11. Mwenzangu sasa anakuja kutazama, na juzi aliniuliza kwa nini nimeondoa mkono mapema hivyo.

Mwenye shule amekubali hadi Desemba, na apandwe na mwalimu kwanza.

Jana jioni mvua ilinyesha kubwa, nikakaa bandani kwake kuisubiri. Sikuwa na kamba wala brashi. Akaja, akashusha kichwa mwenyewe, akauweka upande wa kulia wa uso wake kifuani kwangu, sikio likawa chini ya kidevu changu. Nililigusa. Lilikuwa na joto. Hakusogea, nami nikaondoa mkono.

Sikio la kushoto bado. Nikifika nyuma ya shavu upande ule anakuwa mgumu kama mwezi wa tatu. Mzee, upande huo niendelee kutoka pale nilipofika?

Mzee_wa_Gilgil

Hapana, mwanangu. Anza begani.