Tailizi za stika zinabanduka sebuleni na Jumamosi nina ugeni mzito, nisaidieni wakuu

Kibaraza_Chini:
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada wa haraka maana hapa nilipo hata chakula hakishuki. Nimeweka zile tailizi za vinaili, zile unabandua karatasi kwa nyuma unabandika chini, sebule ya mita tatu kwa nne, za sentimita 30 kwa 30 mfano wa mbao. Siku ya kwanza ilitoka sebule ya maana, jirani kaja kuchungulia kaniuliza nimepata wapi hela. Sasa zimeanza kunyanyuka kona, ukipita pekupeku zinakukwaruza vidole, na pale mlangoni kuna moja imetoka nzima nzima kwa kucha tu, sikutumia nguvu. Sakafu nilifagia nikadeki nikaacha ikauka ndo nikabandika, kama boksi linavyoelekeza. Swali langu ni moja tu, niongezee gundi gani? Nimeshanunua kopo la ile gundi ya mafundi viatu, naona ile inashika kweli kweli.

napita_tu:
Nimekaa siti ya mbele, wajuzi wanakuja.

Bi_Mkubwa_Ilala:
Mwanangu mimi gundi siijui ila nikwambie ukweli, mgeni haji kukagua sakafu. Sisi tumepokea watu wazito kwenye mkeka wa ukindu na walikula wakashiba wakaondoka na heshima zao. Siku hizi vijana mnahangaika na muonekano, sebule inang'aa halafu mgeni anawekewa soda moja na biskuti. Umepanga watakula nini? Nani anapika? Maji unayo ya kutosha? Tabu ya sebule itajulikana mbele ya safari.

Nyundo_ya_Mpira:
Mkuu gundi usiongeze kwanza, funika hilo kopo. Nijibu haya. Chini kulikuwa na nini, simenti tupu, rangi nyekundu au tailizi za zamani? Imewahi kupigwa polishi? Mvua zikinyesha hiyo sakafu inatoa jasho? Na ile uliyoibandua, gundi imebaki kwenye tailizi au imebaki chini? Hilo la mwisho ndo muhimu.

Kibaraza_Chini:
Asante kiongozi. Ni simenti ya kawaida tu, polishi haina, na huku kwetu Tabata tupo juu siyo bondeni. Gundi imebaki kwenye tailizi yenyewe. Ila hujanijibu, hiyo ya fundi viatu ina ubaya gani? Nimeona video jamaa anapaka pande zote mbili anasubiri kidogo anabandika, imeganda mpaka anaivuta na koleo.

Saluni_ya_Kona:
Pole kaka yangu, hayo yamenikuta kwenye saluni. Niliweka za mfano wa marumaru nyeupe, wateja wanapiga picha, nikajua nimemaliza. Sakafu ya zamani ilikuwa na mafuta ya nywele ya miaka yote, nikapitisha sabuni ya unga mara moja nikaona imetoka. Mwezi haukuisha, kiti cha kuoshea nywele kinavujisha maji kidogo kidogo yanaingia kwenye maungio, na vile viti vya kuzunguka ukivisogeza vinakokota tailizi mpaka zinapishana, kwenye ufa inatoka gundi nyeusi inanata na nywele zote za siku nzima. Ukifagia haitoki, ukikwangua unachana. Nikamlaumu muuzaji wee, tukagombana mbele za watu. Sasa hivi nina tailizi za kauri na fundi wangu nimeachana naye, ila hiyo ni stori nyingine ndefu.

napita_tu:
Dada hiyo ya fundi ndo tunaitaka

Mtoto_wa_Kisauni:
Ndugu yangu hebu chukua pasi, tandika kitambaa juu ya tailizi, pitisha moto mdogo halafu kandamiza ile kona kwa kitu kizito mpaka asubuhi. Huku Mombasa twafanya hivyo. Kwani hizo za mbao huko Dar boksi bei gani?

Nyundo_ya_Mpira:
Pasi au draya ya nywele inasaidia kona moja mbili kama chini ni kavu na safi. Hapa sebule nzima inanyanyuka, kwa hiyo ugonjwa upo chini. Kibaraza umesema simenti ya kawaida. Ya kawaida ya lini?

Kibaraza_Chini:
Ya kawaida tu mkuu.

Nyundo_ya_Mpira:
Ya LINI?

Kibaraza_Chini:
Sawa. Ile ya zamani ilikuwa na mashimo, huwezi kubandika kitu juu yake, kwa hiyo fundi akamwaga nyingine juu, kama inchi moja na nusu hivi, akapiga niru, ule uji wa simenti wa kulainisha juu. Hiyo ilikuwa Jumatatu, tukabandika Alhamisi. Lakini kabla hamjaanza kunilaumu, ilikuwa ngumu kabisa, tumetembea juu yake, tumeingiza sofa. Fundi kaigonga mbele yangu akasema ikilia hivi imekauka, na yeye ana miaka kwenye hii kazi. Halafu hii ni nyumba ya kupanga, mwenye nyumba kakubali tukatane kwenye kodi ila kwa sharti niwe nimemaliza mwezi huu. Mlitaka nisubiri nini?

napita_tu:
Jumatatu mpaka Alhamisi 😂😂😂 mchanga wenyewe ulikuwa haujajua kama umehama

Nyundo_ya_Mpira:
Hapo sasa. Ngoja niandike kwa kirefu maana wengi wanaliwa hapa.

Simenti kuwa ngumu na simenti kuwa kavu ni vitu viwili. Ugumu unakuja haraka, zile siku 28 mnazosikia mafundi wanazitaja ni za nguvu. Maji yaliyochanganywa yanabaki ndani na yanatoka taratibu kupitia juu. Hesabu tunayotumia ni kama milimita moja kwa siku kwa zile milimita 50 za mwanzo, na hapo madirisha yako wazi na hewa inapita. Inchi moja na nusu ni kama milimita 38, kwa hiyo ulitakiwa kukaa mwezi na zaidi, na kwa joto hili la Dar lenye unyevu hewani ongeza. Wewe umeifunika na plastiki siku ya tatu. Maji yanapanda hayana pa kutokea, yanakusanyika chini ya tailizi pamoja na ile chumvi kali ya simenti, na hiyo ndo inaila gundi. Gundi ya hizi stika imetengenezwa kushika kwa mgandamizo juu ya kitu kikavu, laini, kisicho na vumbi. Ukikosa kimoja tu inaachia.

Upimaji wake ni rahisi. Chukua nailoni nene, kata kipande cha kama sentimita 45 kila upande, kibandike chini kwa selotepu pande zote nne hewa isipite, lala nacho, kiache masaa 16 na kuendelea. Ukikuta matone kwa ndani au simenti imebadilika rangi imekuwa nyeusi, hapo hubandiki kitu.

Gundi ya viatu sasa. Ile ina kimiminika kinachoruka hewani, kinashika moto, na hewa yake ndani ya sebule iliyofungwa inalewesha. Inaweza kulainisha hiyo vinaili ikaanza kujikunja vibaya zaidi. Na maji bado yapo pale pale chini.

Kata_Rula:
Fundi unamtisha bure. Achukue gundi nyeupe ya mbao achanganye na maji, apake sakafu yote, ikikauka inakuwa praima, ile ya kupaka kwanza ili tailizi zishike. Tumefanya sana.

Nyundo_ya_Mpira:
Mmefanya sana na mmebandua sana. Gundi nyeupe ikikutana na unyevu inalainika tena, kwa hiyo unabandika tailizi juu ya kitu kinachosubiri maji kirudi uji. Praima ya sakafu inauzwa, aseme dukani anataka ya chini ya vinaili.

Kata_Rula:
Mimi nilibandika kwa mama mkwe na haijatoka mpaka leo.

napita_tu:
Hiyo haijatoka kwa woga

Kibaraza_Chini:
Wakuu nimewaelewa ila mwezi na zaidi siwezi, Jumamosi wanaleta mahari hapa. Nilichofikiria, nipake ya viatu kwenye kona tu, kona nne za kila moja, katikati niache. Itashika mpaka wageni waondoke, mengine baadaye.

Mpekuzi_wa_Nyuzi:
Subirini kwanza. Mahari inaletwa KWAKO? Yaani una binti wa kuolewa? Mwezi wa pili ulileta uzi wa kutafuta kazi ukasema una miaka 29. Jamani hii chai. Mtu anatunyima nyima habari, kila ukurasa anatoa kipande, kesho atasema nimepata dawa imenisaidia anaweka namba ya WhatsApp anauza praima.

napita_tu:
Chai ya tangawizi kabisa. Mwenye maandazi asogee.

Saluni_ya_Kona:
Na mimi nilishangaa, sebule ya mita tatu kwa nne mahari watakaa wapi 🤔

Kibaraza_Chini:
Hivi nyie mna nini? Ni mdogo wangu wa kike anaolewa, baba hayupo duniani, mimi ndo kaka mkubwa, wakaja kwangu. Kuna ajabu gani? Nimekuja kuuliza gundi sasa nahojiwa kama niko polisi. Na wazee watakaa ndani, vijana wote turubai la nje.

Mpekuzi_wa_Nyuzi:
Kwenye uzi wa Desemba wa kugawana kiwanja ulisema kwenu mmezaliwa wanaume watupu.

Kibaraza_Chini:
Mtoto wa baba mdogo. Kwetu huyo ni mdogo wangu, hatuna neno lingine.

Bi_Mkubwa_Ilala:
Hapo kijana yuko sahihi, mwacheni. Mtoto wa baba mdogo ni mdogo wako. Haya, nimeuliza chakula mpaka sasa sijajibiwa. Na mahari mmepanga kiasi gani? Msimuuze mtoto kufidia sakafu.

Mpekuzi_wa_Nyuzi:
Picha. Bila picha hakuna sakafu.

Kibaraza_Chini:
[picha] Haya hiyo hapo, ni ile ya mlangoni nimeigeuza. Mridhike.

Nyundo_ya_Mpira:
Nimeikuza. Angalieni mgongo wa tailizi, gundi yote ipo, haijapungua, ila imevaa ngozi ya kijivu mpaka kwenye kona, na upande wa kulia kuna vijitone. Ngozi hiyo ni niru. Yaani gundi imeshika vizuri tu, kilichoachia ni uso wa sakafu, fundi aliongeza maji akasugua sana juu ukawa unga. Kwa hiyo una matatizo mawili, maji na vumbi. Na hiyo mistari ya msumeno pembeni inaonyesha ulikata na kisu cha mkate, ila hilo tulipite.

Mpekuzi_wa_Nyuzi:
Sawa, sakafu nimeikubali. Habari ya mahari bado naifuatilia.

Nyundo_ya_Mpira:
Fanya hivi. Bandua zote leo. Zenye gundi safi zirudishe kwenye makaratasi yake kama hujayatupa, zilizovaa unga kama hiyo ya picha zimekufa, usijidanganye kuziosha. Fungua madirisha, washa feni, sofa toa nje. Ijumaa usiku tandika kapeti la plastiki bila gundi yoyote, wazee wakae, mahari ipokelewe. Wakiondoka kunja kapeti sakafu ipumue. Nailoni ikikaa usiku kucha bila tone, ndo upige msasa kutoa hiyo ngozi, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke, praima, halafu maboksi yakae humo humo chumbani siku mbili kabla ya kubandika. Anzia katikati ya chumba siyo ukutani, fuata mishale ya nyuma yote ielekee upande mmoja, kandamiza kila moja kwa kile kijiti cha kusukumia chapati kutoka kati kwenda pembeni. Kudeki kwa maji usahau wiki ya kwanza.

Kibaraza_Chini:
Makaratasi tulishachoma. Na mkuu usinikasirikie, ile safu ya mlangoni nimeshaipaka ya viatu mchana, kama tailizi kumi. Mbona imeshika vizuri tu? Naona kama nikimalizia na hizi za katikati itakuwa sawa.

Nyundo_ya_Mpira:
Imeshika leo. Fungua mlango na madirisha sasa hivi, na jiko la mkaa lisivuke kizingiti mpaka harufu iishe. Hizo za katikati usiguse.

Bi_Mkubwa_Ilala:
Jiko la mkaa ndo la kupikia pilau la Jumamosi? Mpikie nje basi.

Kibaraza_Chini:
Nje kuna turubai mama. Haya nimeenda kuulizia kapeti, ila nimepaka nne tu za katikati, za kujaribia.

Mtoto_wa_Kisauni:
Na bei ya boksi jamani? Nauliza tangu juu kule.