Faini ya maegesho ya walemavu, England: tulipe au tupinge?

Swali: Wakuu, tiketi ya halmashauri imeandikwa kosa namba 40. Blue Badge (kadi ya maegesho ya walemavu) ya mama haijaisha muda na alikuwemo garini, ila ilikaa kifudifudi kwenye dashibodi.

Jibu: Usilipe, ukilipa kesi imefungwa. Andika ndani ya siku 14 na uambatanishe picha za kadi pande zote mbili. Kosa ni kutoionyesha, si kutokuwa nayo, kwa hiyo usibishe, omba wakusamehe.

Jibu: Wakigoma, mara nyingi hurudisha punguzo la nusu la kulipa mapema. Usipolipa, subiri barua rasmi kwa mwenye gari: siku 28 kupinga, kisha 28 kukata rufaa kwenye baraza huru la rufaa: London Tribunals, au Traffic Penalty Tribunal nje ya London. Ni bure.

Jibu: Kama ni maegesho ya supamaketi, kwa kawaida tiketi ni ya kampuni binafsi. Njia yake ni nyingine kabisa.