Je, aliyetulia kwa methadoni anaweza kuruhusiwa kuichukua nyumbani?

Dada wa Mambrui aliuliza:
Assalaam alaikum. Ndugu yangu ni mvuvi, na huu ni mwaka wa pili tangu aache unga, yaani heroini, kwa kunywa methadoni, dawa ya maji inayotuliza hamu ya unga. Kila asubuhi hupanda matatu hadi Malindi, akamiminiwa dawa kikombeni, akainywa mbele ya muuguzi, kisha akatakiwa kusema neno ili ijulikane ameimeza. Akirudi pwani, wenzake wameshatweka. Kwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, hawezi kabisa, kwani kulala huko usiku mmoja ni kukosa dozi. Je, hakuna njia ya kumpa dawa ya siku chache?

Mwanasheria, Malindi:
Wa alaikumu ssalaam, dada. Marekani, ambako kanuni zilikuwa kali tangu miaka ya 1970, iliruhusu Machi 2020, kwa sababu ya korona, waliotulia wapewe dozi za hadi siku 28, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikawa ya kudumu. Hata hivyo, huko dawa bado hutolewa na vituo maalumu, ilhali Uingereza mgonjwa huipata katika duka la dawa la mtaani kwake. Kenya tulianza mwishoni mwa 2014, na tahadhari ya mwanzo ilifaa. Lakini kanuni inayomnyima mtu riziki ili apate tiba inastahili kuandikwa upya.

Muuguzi mstaafu, Lamu:
Naunga mkono, kwa sharti. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana kikombe kimoja kwa siku chatosha kuzuia arosto, yaani maumivu ya kukosa unga. Lakini kiasi kinachomtuliza ndugu yako kinaweza kumkata pumzi mtoto aliyeionja akidhani ni sharubati. Kwa hiyo pawe na kasha la kufuli, na chupa tupu zirudishwe. Kwetu visiwani ningependa zaidi dawa imfuate mgonjwa katika zahanati ya karibu, kwa kuwa anayekosa nauli ya mashua siku chache hurudi maskani kwa watumiaji wenzake, na mwili uliokwisha kusahau unga hauhimili tena kipimo chake cha zamani. Nimewaosha vijana wa namna hiyo.

Dada wa Mambrui:
Ahsanteni sana. Sanduku la marehemu mama lina kufuli madhubuti, na ufunguo nitauvaa mimi shingoni. Ijumaa nitafuatana naye kwa daktari, tumweleze hivyo.